Mithai za Kihindi: kwa nini habari njema haihesabiki kabla ya mdomo kutiwa utamu

#1 Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Siku chache zilizopita, katika mjadala wa vyakula vya sikukuu, mwenzetu mmoja aliandika kwamba mithai za Kihindi, yaani vitafunio vitamu, ni sukari tupu iliyopakwa rangi, na kwamba haelewi kwa nini watu wazima wenye akili zao hubebeana maboksi ya ladu kila ifikapo Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Nilianza kumjibu palepale, lakini jibu likarefuka hata nikaona ni afadhali lipate uzi wake. Nilisoma Pune, katika jimbo la Maharashtra, kwa miaka minne, na mitatu kati ya hiyo nilipanga chumba katika nyumba ya bibi mmoja ambaye wapangaji wote tulimwita Aji, yaani bibi kwa Kimarathi. Sehemu kubwa ya nitakayoyasimulia niliiona jikoni kwake.

Kosa la kwanza tunalolifanya ni kuiita mithai kitindamlo. Kitindamlo huja mwisho, baada ya shibe, na asiyekitaka hukiacha bila kumkera mtu. Mithai haiko hivyo. Katika sahani ya mlo wa sherehe ya Kimarathi au ya Kigujarati, kitu kitamu hupakuliwa pamoja na wali, mboga na achari, nacho huliwa sambamba navyo. Na nje ya mlo, mithai ndiyo inayotangaza kwamba jambo limetokea. Kwa Kihindi wana usemi wa "muh meetha karna", yaani kuutia mdomo utamu, na usemi huo hutendwa hasa kama ulivyo, kwa sababu aliyeleta habari njema humega kipande na kukitia kinywani mwa mwenzake kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto akifaulu mtihani, pikipiki mpya ikiingia uani, posa ikikubaliwa, kijana akipata ajira serikalini, jirani huuliza kwanza mithai iko wapi. Kabla ya hapo habari ni kama tetesi.

Ipo sababu iliyoifanya mithai, badala ya wali au mchuzi, kuwa chakula cha kuvuka vizingiti vya nyumba. Katika utaratibu wa zamani wa matabaka ya Kihindu, hasa kaskazini mwa India, vyakula viligawanywa mafungu mawili. Kilichopikwa kwa maji, kama wali na dengu, kiliitwa kachcha, na mtu wa tabaka la juu hakukipokea kutoka kwa aliyehesabiwa kuwa chini yake. Kilichopikwa kwa samli kiliitwa pakka, nacho kiliweza kupokewa kutoka kwa watu wengi zaidi, kwa kuwa samli, ikiwa ni zao la ng'ombe, iliaminiwa kukikinga chakula na unajisi. Mithai nyingi za dukani ni maziwa, sukari na samli, kwa hiyo ziliangukia upande wa pakka, na fundi wake, anayeitwa halwai, alikuwa mtu ambaye watu wa matabaka mbalimbali waliweza kununua kwake bila wasiwasi. Sisemi kwamba mithai iliuondoa ubaguzi huo. Haikuuondoa, na waliowekwa chini kabisa waliachwa nje hata hapo. Ninachosema ni kwamba ilikuwa miongoni mwa vyakula vichache vilivyoweza kutoka nyumba moja na kuingia nyingine bila maswali mengi. Ongeza hapo kwamba ladu ya unga wa dengu hukaa siku nyingi bila jokofu, nawe utaona kwa nini boksi la mithai lilichukua kazi ambayo kwingine hufanywa na barua au kadi.

#2 Mwanzisha uzi (naendelea)

Hata hivyo, mithai niliyoipenda kuliko zote, modak, yaani donge la unga wa mchele lililojazwa nazi, haisafiri kabisa, na kwa kuwa niliitengeneza kwa mikono yangu, mniruhusu nikae nayo kidogo.

Asubuhi ya Ganesh Chaturthi, sikukuu ambayo huangukia Agosti au Septemba, Aji alikuwa ameshaoga na kuwasha taa kabla sijaamka. Siku hiyo ni ya Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, na ingawa iliadhimishwa majumbani tangu zamani, ni Bal Gangadhar Tilak, mwanasiasa aliyepigania uhuru wa India, ambaye kuanzia mwaka 1893 aliikuza hapo Pune kuwa sherehe ya hadhara, wakati ambapo serikali ya Waingereza iliitilia shaka mikusanyiko ya kisiasa. Siku hizi mitaa hujaa ngoma na sanamu kwa siku kumi. Jikoni kazi ni moja: kuandaa modak 21 za kutengwa mbele ya sanamu.

Aji alinipa nazi nne na kifaa cha kukunia, na nusura nicheke, kwa maana kilikuwa mbuzi: ubao wa kukalia, na mbele yake chuma kilichopinda chenye meno kwenye ncha. Wao hukiita vili, na makali ya chuma hichohicho hukatia mboga. Aliponiona nimekikalia bila kuelekezwa alinyamaza kidogo, kisha akaniongezea nazi ya tano.

Nazi iliyokunwa, bila kukamuliwa tui, ilitiwa sufuriani pamoja na sukari guru, ikakorogwa juu ya moto mdogo mpaka unyevu ukapungua na rangi ikawa ya kahawia, halafu ikatiwa hiliki na kungumanga. Pembeni, unga wa mchele ulimiminwa kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo na kijiko cha samli, ukafunikwa, kisha ukakandwa ungali moto kiasi cha kuchoma viganja. Hapo ndipo nilipoumbuka. Aji alichukua donge la ukubwa wa ndimu, akalibonyeza kwa kidole gumba huku akilizungusha mpaka likawa kikombe chembamba, akakifinya ukingo wake marinda kumi na moja bila kuhesabu, akatia nazi ile, akayakusanya marinda juu na kuyafunga yakawa ncha. Yangu ya kwanza ilipasuka ubavuni. Ya pili ikapasuka vilevile. Ya tatu ilisimama, lakini marinda yake matano yalilegea kama mfuko wa rambo uliofungwa kwa haraka. Hakuitupa, aliiweka kwenye jani la mmea wa binzari manjano ndani ya chungu cha mvuke pamoja na nyingine, ila haikuingia katika hesabu ya zile 21.

Hakuna aliyeonja. Chakula kinachokwenda mbele ya mungu hakionjwi, hata kwa nia ya kupima sukari, na mpishi hutegemea pua, macho na mazoea. Kikishatolewa hubadilika jina, kikaitwa prasad, na kuanzia hapo hakimilikiwi na aliyekipika, kwa maana ni lazima kigawiwe. Tuliila modak ingali moto, imechomwa tundu kwenye ncha na kumiminiwa samli ndani. Modak ya dukani iliyotengenezwa kwa maziwa na kukandamizwa kwenye kibao cha umbo hilo ni nzuri kwa picha, lakini baada ya ile ya Aji sikuweza tena kuiheshimu.

#3 Mchangiaji kutoka Mombasa

Ndugu mwanzisha uzi, ahsante kwa maelezo. Nimesoma sehemu ya mbuzi nikamsomea na mama yangu, naye akasema kwamba hakuna alichokishangaa.

Ningependa kuongeza kwamba sisi watu wa pwani hatupaswi kuzungumza juu ya mithai hizi kana kwamba ni mambo ya mbali. Ladu tunayo majumbani, ijapokuwa yetu imechukua njia yake: unga uliokaangwa, sukari, na pilipili manga inayowasha kooni baada ya utamu kupita. Kaimati tunazichovya kwenye shira, na neno hilo shira halwai wa Gujarat atalielewa. Tunakaangia kwenye karai, na wao karahi. Tunahesabu kwa laki, na wao lakh. Hata sukari guru, lile neno "guru" halihusiani na ualimu wala utakatifu, bali ni gur, jina la Kihindi la sukari hiyo ya miwa isiyosafishwa. Ninaomba utueleze zaidi kuhusu majina, maana naamini mengine yamesafiri kutoka huku kwenda kule.

#4 Mwanzisha uzi

Dada yangu wa Mombasa, umenena vyema, na ni kweli kwamba majina yalikwenda na kurudi.

Sukari yenyewe ilianzia huko. Wahindi ndio waliotangulia kugeuza maji ya miwa kuwa chembechembe, na neno la Kisanskriti sharkara lilipita kwa Waajemi na Waarabu likawa sukkar, ndipo likatufikia sisi. Jalebi, kinyume chake, iliingia India ikitokea magharibi: ni zalabiya ya Waarabu na zulbia ya Waajemi, na kufikia karne ya 15 ilikuwa imeshatajwa katika maandishi ya Wajaini, wafuasi wa dini moja ya kale ya India. Leo hakuna Mgujarati atakayekubali kwamba jalebi ni mgeni, kwa sababu asubuhi ya sikukuu ya Dussehra, siku ishirini hivi kabla ya Diwali, watu wa Ahmedabad hupanga foleni barabarani kununua jalebi na fafda, ambazo ni vipande vikavu vya unga wa dengu, vyenye chumvi. Barfi imetokana na neno la Kiajemi barf, yaani theluji. Na ile gulab jamun inayoelea kwenye shira, jina lake lina maneno mawili: gulab kwa ajili ya maji ya waridi yanayotiwa humo, na jamun, ambayo ni zambarau. Hilo la pili lilinifurahisha kuliko yote, kwa sababu nilikuwa nimekula zambarau za Tanga utotoni hadi ulimi ukawa wa rangi ya wino, na sikuwahi kufikiri kwamba kidonge kile cha maziwa kilipewa jina kwa kufanana nazo.

Kuhusu karai na shira, nilipata nafasi ya kusimama mara kadhaa nyuma ya duka la halwai mmoja karibu na chuo chetu. Nilichojifunza ni kwamba kazi yake kubwa ni kusubiri, maana kukaanga ni dakika chache tu. Maziwa yanachemka kwenye karai pana tangu alfajiri, yakikorogwa na kukwanguliwa pembeni, mpaka lita tano zinabaki takriban kilo moja ya khoya, lile donge zito linalotumika kwa peda, gulab jamun na barfi nyingi. Shira nayo hapimi kwa kipimajoto. Hudondosha tone kwenye kidole gumba, akaligusa kwa kidole cha shahada na kuvitenganisha polepole. Ikivutika uzi mmoja usiokatika, inafaa kwa mithai fulani. Ikivutika nyuzi mbili, imekuwa ya mithai nyingine. Akikosea, barfi haitashika au itakuwa jiwe, na hakuna namna ya kuirudisha.

#5 Mchangiaji kutoka Dodoma

Mwanzisha uzi, naomba nikuulize jambo. Umetaja Ganesh Chaturthi, Dussehra na Diwali. Je, kila sikukuu ina mithai yake maalumu, au watu hula tu kilichopo? Pia niliwahi kusikia kwamba majimbo mawili ya India yaligombania mithai hadi serikalini. Ni kweli?

#6 Mwanzisha uzi

Mkuu, maswali yote mawili jibu lake ni ndiyo, na nitaanza na la kwanza kwa ufupi kwa kuwa la pili ni tamu zaidi.

Mithai ya sikukuu hufuata majira kwanza, kisha hekaya. Tarehe 14 Januari, kwenye Makar Sankranti, baridi ikiwa kali, hutengenezwa vitu vya ufuta na sukari guru, ambavyo huaminiwa kuutia mwili joto, na Wamarathi hupeana huku wakisema "tilgul ghya, god god bola", yaani pokea ufuta na sukari, useme maneno matamu. Hapo hupewa hata yule mliyenuniana naye mwaka mzima. Siku hizohizo kusini, kwa Watamil, mchele mpya hupikwa na maziwa na sukari guru mpaka uchemke na kumwagika nje ya chungu, na kumwagika kwenyewe ndiko kunakoshangiliwa. Holi ya kaskazini ina gujiya, ambayo kwa umbo ungedhani ni sambusa ya nusu mwezi, lakini ndani yake mna khoya. Msimu wa mvua Rajasthan huleta ghevar, mithai ya duara yenye vitundu kama sega la nyuki, na kwenye Raksha Bandhan dada humfunga kaka yake uzi mkononi kisha akamtia mithai mdomoni. Kerala, mlo wa sikukuu ya Onam humaliziwa kwa payasam, uji mtamu, juu ya jani la mgomba, na si kazi ndogo kwa mgeni kuila kwa mkono kabla haijakimbilia ukingoni.

Nisingependa uzi huu uwape watu fikra kwamba ni mambo ya Wahindu pekee. Asubuhi ya Idd el Fitri, Waislamu wa Hyderabad, Lucknow na Delhi hupika sheer khurma, jina la Kiajemi lenye maana ya maziwa na tende, na ndani yake mna tambi nyembamba zilizokaangwa kwa samli. Msomaji wa Unguja aliyekula tambi siku ya Idd hahitaji kuelezwa zaidi. Masingasinga nao wana karah prashad, unga wa ngano, samli na sukari kwa vipimo vilivyo sawa, ambayo kila anayeingia hekaluni huipokea kwa viganja viwili vilivyokingwa, awe tajiri au mpita njia. Wasafiri wa barabara ya Nairobi na Mombasa waliowahi kusimama kwenye hekalu la Makindu, lililojengwa mwaka 1926, wanajua jinsi mgeni anavyolishwa pale bila kuulizwa dini yake.

Sasa ugomvi. Mithai yenyewe ni rosogolla, kitufe cheupe cha chhena, yaani maziwa yaliyokatwa kwa kitu kichachu na kuchujwa, kikachemshwa ndani ya shira nyepesi mpaka kikawa kama sponji. Watu wa Bengali Magharibi husema iliundwa Kolkata na Nobin Chandra Das mwaka 1868, na mwanawe na wajukuu wake wakaendeleza biashara. Mwaka 1930 kampuni ya mwanawe, K.C. Das, iliiweka kwenye makopo, na hivyo ikaweza kusafiri. Watu wa Odisha husema kwamba yao ni ya kale zaidi na ina kazi ya kidini isiyoweza kubadilishwa. Katika mji wa Puri, mungu Jagannath hutolewa hekaluni kila mwaka kwa magari makubwa ya mbao akiwa na kaka yake na dada yake, huku mkewe Lakshmi akiachwa nyumbani. Anaporudi baada ya siku kadhaa, Lakshmi amekasirika na amefunga lango. Wahudumu wa pande mbili hujibizana kwa niaba ya mume na mke, maneno makali kweli, mpaka Jagannath anapomtolea mkewe rasagola, ndipo lango hufunguliwa. Mke ameachwa nyumbani, mume anarudi na kitu kitamu mkononi: nadhani hapa jukwaani wapo wanaoifahamu hali hiyo bila kwenda Puri.

Wabengali walijibu kwamba zamani Wahindu wengi waliona kuyakata maziwa kuwa ni kuyaharibu, na kwamba kwa hiyo chhena isingeweza kupelekwa mbele ya mungu. Mabishano yaliisha kiofisi tu. Novemba 2017 Bengali Magharibi ilipewa usajili wa jina la asili ya mahali kwa "Banglar Rasogolla", na Julai 2019 Odisha ikapewa wake kwa "Odisha Rasagola", kila mmoja kwa mithai ya aina yake, kwani ya Odisha ni laini zaidi na rangi yake huelekea kahawia. Mimi nimekula zote. Nitasema ya Odisha ina ladha zaidi, na ninajua kwamba nimejitafutia maadui.

Jambo moja zaidi linaloonyesha uzito wa chhena kwa Wabengali: mwaka 1965, maziwa yalipokuwa haba, serikali ya jimbo chini ya Waziri Kiongozi Prafulla Chandra Sen ilipiga marufuku mithai za chhena ili maziwa yawafikie watoto na wagonjwa. Kwa hesabu ya lishe uamuzi huo unaeleweka. Lakini hebu fikiria harusi ya Kibengali bila sandesh, mithai yao ya chhena. Mwaka 1967 Sen alishindwa uchaguzi, na ingawa uhaba wa chakula kwa jumla ndio uliowaudhi watu zaidi, wazee wa Kolkata hawaachi kuitaja marufuku ile.

#7 Mchangiaji kutoka Arusha

Mimi ndiye niliyesema ni sukari tupu iliyopakwa rangi, na ninashukuru kwa kujibiwa kwa staha. Bado nina mashaka. Unaeleza uzuri peke yake. Vipi kuhusu kisukari, mithai zilizochakachuliwa, na watu kulazimishana kula? Je, desturi hizi hazina upande mwingine?

#8 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, upande mwingine upo, na nisingekuwa mkweli kama ningeuficha.

Nianze na uchakachuaji, kwa kuwa ulinikuta. Mwaka wangu wa pili nilinunua boksi la kilo moja kwenye duka moja siku mbili kabla ya Diwali, nikidhani nampelekea Aji heshima. Alilifungua, akanusa, akaligusa barfi la juu kwa ncha ya ukucha, akalifunga tena bila kusema neno. Mimi na wenzangu wawili tuliokuwa wabishi tulilila usiku, na kesho yake hatukuweza kwenda darasani. Tatizo lenyewe ni la kihesabu: wiki ya Diwali kila mtu anataka khoya kwa wakati mmoja, wakati ng'ombe na nyati hawaongezi maziwa kwa sababu ya sikukuu, kwa hiyo ya siku nyingi huchanganywa na mpya, na wengine hutia wanga. Kila mwaka majira hayo wakaguzi hukamata shehena, na tangu Oktoba 2020 mamlaka ya usalama wa chakula ya India inawataka wauzaji kuonyesha tarehe ya mwisho wa matumizi hata kwa mithai zinazouzwa kwa kupimwa. Ile karatasi ya fedha inayong'aa juu ya kaju katli, yaani barfi ya korosho, nayo ina historia yake, kwa kuwa zamani iligongwa kwa nyundo ikiwa kati ya ngozi au utumbo wa ng'ombe, jambo lililowakera sana Wajaini na wote wasiokula nyama, mpaka kanuni za mwaka 2016 zikakataza matumizi ya kitu chochote cha mnyama katika kuitengeneza.

Kuhusu kisukari siongezi neno. Unachosema ni sahihi, na maduka mengi sasa yanauza za tende na njugu bila sukari, ambazo baadhi zinaliwa na baadhi ni adhabu.

Lakini kuna jambo ambalo mimi binafsi lilinikwaza zaidi ya sukari. Nimesema mithai ni tangazo. Basi kwa familia nyingi za Gujarat, mtoto wa kiume akizaliwa hugawiwa penda, ndiyo ile peda kwa Kigujarati, na wa kike akizaliwa hugawiwa jalebi. Maharashtra ni pedha, yaani peda hiyohiyo kwa Kimarathi, kwa mvulana na barfi kwa msichana. Jirani anayepokea sahani hana haja ya kuuliza. Baadhi watasema kwamba ni tofauti ya alama tu, kama rangi ya buluu na ya waridi, lakini zipo nyumba ambazo kwa msichana hapakutolewa chochote, na kukosekana kwa sahani kulisomeka waziwazi kuliko sahani yenyewe. Binti wa Aji alipojifungua msichana, Aji aliagiza pedha kilo tano na kuzigawa mtaa mzima. Majirani wawili walimpongeza kwa kupata mjukuu wa kiume. Aliwaacha wamalize kula, ndipo akawaeleza.

Kulazimishana nako kupo, hasa harusini. Wao wenyewe hulifanyia mzaha, kwa methali isemayo kwamba ndoa ni ladu: aliyeila anajuta, na asiyeila naye anajuta.

Mithai ikikosekana, watu husoma maana hata kwa mataifa. Kwenye kituo cha mpakani cha Attari na Wagah, askari wa India na wa Pakistan kwa miaka mingi wamekuwa na desturi ya kupeana maboksi ya mithai siku za Idd, Diwali na sikukuu za uhuru. Uhusiano ukichafuka, maboksi hayapokewi, na magazeti ya nchi zote mbili huandika habari hiyo siku hiyohiyo.

#9 Mchangiaji kutoka Dar es Salaam

Nami nina swali dogo la matumizi. Jirani zetu hapa Upanga wametualika Diwali mwezi ujao. Ni familia ya Kigujarati, na kila mwaka hutuletea sahani. Tubebe nini ili tusiwavunjie heshima?

#10 Mwanzisha uzi

Dada, kwanza sahani yao msiirudishe tupu. Hilo hata mama zetu walitufundisha, nao wana desturi hiyohiyo. Epukeni keki na biskuti zenye mayai, kwa kuwa nyumba nyingi za Kigujarati hazili mayai, na msibebe chochote chenye jelatini. Korosho, lozi au tende zilizopangwa vizuri zinapokewa vyema. Mkipewa kitu kutoka mbele ya madhabahu yao, na imani yenu ikiruhusu kukila, kipokeeni kwa mkono wa kulia. Imani yenu isiporuhusu, semeni kwa upole na mapema, nao hawataona ajabu. Siku inayofuata Diwali ndiyo Mwaka Mpya wa Wagujarati, kwa hiyo msishangae mkialikwa tena asubuhi, wala msile mpaka mvimbiwe usiku wa kwanza.

Ikiwa mnataka kupika wenyewe, pelekeni kashata za ufuta au za nazi. Nasema hivyo kwa sababu nilipotoka likizo ya mwisho nilimpelekea Aji bati la kashata za ufuta kutoka Tanga, nikalifikisha siku chache kabla ya Sankranti. Alivunja kipande, akakitafuna taratibu, akasema "chikki", kwa sauti ya mtu anayesahihisha tahajia. Kisha akaniuliza mbona nimetia hiliki nyingi. Bati alilirudisha baada ya wiki likiwa na ladu za ufuta hadi kwenye kifuniko, na chini yake amenikunjia karatasi yenye vipimo, hiliki ikiwa imeandikwa nusu ya niliyotia mimi.